Muthoka wa Kitabu na Muthoka wa Katelembo

Wanza akikuambia shati lako lina kasoro, usibishane naye. Ni mwaka wa kumi na tatu huu amesimama kwenye meza ya ukaguzi katika kiwanda chetu cha nguo, EPZ Athi River, akigeuza mashati ndani nje, akitafuta uzi uliokatika na kifungo kilichopinda. Mkaguzi hapendwi popote, maana kila anachokiona yeye ni kazi ya mwingine kurudiwa. Lakini mwanamke huyu mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa kiwanda, asiye na mume wala mtoto wala haraka ya kuwapata, aliwahi kupendwa kuliko mtu yeyote katika laini zetu sita. Halafu akachukiwa kuliko mtu yeyote. Sababu ilikuwa ile ile moja, vitabu vyake.

Mimi niko upande wa kupakia. Jina langu Emily, na nina mdomo, hilo sikatai. Wanza huandika kwa mkono, kwenye madaftari ya shule, saa ya chakula, amekalia robota la vitambaa. Mimi ndiye ninayemchapia kwa simu, kisha tunapeleka kwa cyber kuchapishwa vijitabu, na wasio na kijitabu wanatumiana kwa WhatsApp. Kwa hiyo katika haya nitakayosimulia lawama yangu imo, na mahali pake nitapaonyesha.

Kitabu cha kwanza kiliitwa Dawa ya Usingizi. Ni habari za mji mdogo ambamo wajane wanakufa mmoja baada ya mwingine, usingizini, bila jeraha, na kila asubuhi kikombe cha chai kinakutwa kimeoshwa na kuinamishwa mezani. Mwishoni anakamatwa Bartholomew, mwenye duka la dawa. Watu walikipenda, ila aliyewateka hakuwa Bartholomew. Alikuwa Muthoka, karani mstaafu wa shule, ambaye kazi yake kitabu kizima ni kuwatembelea wafiwa. Anabisha mlango mara tatu, anasema, "Ni mimi tu." Anaketi, hasemi mengi. Anatoa chungwa mfukoni na kisu kidogo, analimenya ganda litoke lote kama utepe bila kukatika, kisha anakupa nusu.

Basi mtu huyo wa karatasi alipendwa! Nthenya wa mashine ya vifungo, ambaye baba yake alitoroka akiwa mdogo, alinunua vijitabu viwili, kimoja cha kusoma na kimoja cha kuweka. Alisema, "Mungu angenipea baba kama huyu, hata mwaka moja tu, singeitisha kitu ingine." Erastus, askari wa geti letu, alianza kubeba machungwa kazini. Hakuna aliyemcheka.

Wasichojua wengi ni kwamba Muthoka alikuwepo. Alikaa kijijini Katelembo, boma la pili kutoka kwa akina Wanza, na kweli alikuwa karani wa shule ya msingi aliyeshika ufunguo wa stoo ya vitabu. Wanza alipomaliza darasa la nane akakosa karo ya kuendelea, alijifungia chumbani siku mbili. Siku ya tatu mlango ulibishwa mara tatu. Ni mimi tu. Chungwa likamenywa, nusu kwa nusu, na kabla hajaondoka mzee akamwachia ufunguo wa stoo. "Soma hizo zote. Ukimaliza tutatafuta zingine." Wanza alimaliza. Ndiyo shule yake yote hiyo, na ukisoma Kiswahili chake utadhani ni mwalimu.

Kwa hiyo alipomtia mzee kitabuni kwa jina lake na chungwa lake, ilikuwa ni shukrani. Na mzee alifurahi mpaka akawa kero. Alikibeba kijitabu kanisani akiwaonyesha watu kwa kidole, "Hapa ni mimi. Na hapa." Mkewe, Kamanthe, hakusoma shule, basi mzee alikuwa akimsomea jioni, lakini zile kurasa zake tu. Nyingine aliziruka.

Halafu akafa. Ugonjwa wa tumbo. Kumbe alikuwa ameambiwa na daktari mwaka mzima kabla, na hakumwambia mtu, si mkewe, si Ndunda mwanawe wa pekee, si Wanza ambaye wiki mbili kabla ya kifo alikuwa ameketi naye, wakila chungwa. Wanza alirudi kutoka mazishini akasimama mezani, na wiki ile alirudisha mashati mengi kuliko mwaka mzima. Watu walilia. Saa ya chakula akaniambia, "Emily, mtu anawezaje kukaa na wewe hivyo, anakumenyea chungwa, na ndani yake kuna chumba mzima amefunga?"

Sasa hapa ndipo lawama yangu. Ningemshika mkono, ningenyamaza. Badala yake nikasema, "Hiyo ndiyo story! Watu wanasema Part One walijua ni Bartholomew hata kabla wafike katikati. Hicho chumba weka kwa Muthoka." Aliniangalia, uso mkavu kabisa. Kisha akafungua daftari jipya.

Miezi minane baadaye sehemu ya pili ikatoka. Bartholomew yuko jela, na wajane wanaendelea kufa. Polepole, ukurasa baada ya ukurasa, unaanza kuelewa ni nani anayefika kabla hata habari za msiba hazijasambaa. Muthoka hawaui watu kwa chuki. Anaamini anawapumzisha. Anasikiliza huzuni yao mpaka anaijua kuliko wanavyoijua wenyewe, anawageuza akili kidogo kidogo hadi wanamwomba wenyewe awachemshie chai. Sura ya jikoni, anapoichemsha chai hiyo, niliichapa Jumapili mchana peupe, mlango wazi, ili nione nani anakuja.

Lo, wasomaji! Kundi letu la WhatsApp liliwaka. "Wanza wewe ni shetani, nimesoma yote." "Nimebadilisha kufuli, na sina hata pesa ya kufuli." "Rudisha Muthoka wetu." "Mimi nilijua!" aliandika mmoja, akashambuliwa na wenzake kumi na wanane, maana hakujua lolote. Erastus alituma sauti ya dakika saba. Tano za kwanza alilalamika kwamba askari wa kitabuni anaacha geti wazi, "na hakuna askari wa ukweli anaweza fanya hivyo, Wanza, umetukosea sisi kama kitengo." Mbili za mwisho alikuwa analia. Tangu siku hiyo hakubeba chungwa tena. Vijana wa kukata vitambaa nao wakawa wanabisha milango ya vyoo mara tatu, "Ni mimi tuuu!" na akina dada wanapiga nduru, mpaka supavaiza akabandika karatasi ukutani kukataza kubisha.

Nthenya hakuandika matusi. Aliandika, "Umeniulia baba," basi. Kuanzia hapo hakumsalimia Wanza tena. Akifika meza ya ukaguzi na mashati yake, anayaweka na kugeuka. Wanza alijifanya haoni, lakini mimi nilimjua. Alikuwa hali chakula.

Na kulikuwa na ujumbe mwingine ambao tuliusoma tukaupita. Ulitoka kwa Kasyoka wa laini ya tatu, msichana anayeshona kola. "Mimi nikifunga macho naskia akibisha." Tukaona ni sifa kwa mwandishi.

Kasyoka alikuwa mke wa Ndunda. Walikutana baada ya mazishi ya mzee, wakaoana upesi upesi, na wakati sehemu ya pili inatoka tumbo lake lilikuwa la miezi saba, liko mbele yetu kila siku, linagusa mashine. Kila Mkamba anajua mvulana wa kwanza anachukua jina la nani. Babu yake, mzaa baba. Wanza anajua, mimi najua, hata mpishi wa kantini anajua. Tulikaa na tumbo lile miezi yote ile, tunalipigapiga, tunauliza ni mvulana au msichana, na hakuna aliyefikiri. Naona aibu hadi leo.

Mtoto alizaliwa Alhamisi. Ni mvulana. Ijumaa saa nne Wanza alinipa simu yake nisome.

"Auntie Wanza, ni kijana. Mama ya Ndunda anataka kumwita Muthoka. Mimi siwezi. Nikirudi kazi nitaitwa Mama Muthoka na kila mtu ameisoma. Mtoto wangu watu watabisha wakimcheka. Nimekataa na sijamwambia Mama sababu. Kuja uongee na yeye, wewe ndiye uliandika."

Jumamosi tukaenda Katelembo. Ndiyo siku ya tatu, wanawake huja kumpa mtoto jina, na jina likishatamkwa na mwanamke mkubwa wa boma halirudi nyuma. Tulibeba unga wa uji na sukari. Wanza alivaa nguo ya kanisa.

"Wi museo, mwaitu," alimsalimu Kamanthe mlangoni, akimwita mama kwa Kikamba.

"Ni museo. Ingieni, wasichana wangu." Mama wa watu alikuwa amekonda. Ndani mlikuwa na majirani watatu, na Kaluki ndiye aliyekuwa na sauti kubwa. Mlango wa chumba cha kulala ulikuwa wazi nusu, na tulijua Kasyoka yuko nyuma yake na mtoto.

Kamanthe hakungoja chai. "Wanza, umekuja wakati mzuri. Huyu msichana hataki jina ya mzee. Namuuliza kama tumemkosea, ananyamaza. Ndunda anaenda tu nje. Kama hatupendi, si aseme?" Macho yake yalijaa. "Mimi niko na kijana moja tu. Hiyo jina haina mlango ingine ya kurudi."

Nilimwangalia Wanza. Ningekuwa mimi ningekimbia. Yeye akavua miwani, akaivaa tena.

"Mwaitu, yeye hana makosa. Ni mimi. Niliandika kitabu ya pili."

"Niliskia iko. Hakuna mtu amenisomea. Msomaji wangu alienda."

"Wacha nikusomee."

Akakitoa kwenye mkoba. Nilidhani atachagua kurasa za upole, atalainisha. Hakulainisha. Alisoma sura ya jikoni yote, hodi tatu, chungwa, chai, kikombe kuinamishwa. Sauti yake ilikatika mara mbili, akarudia sentensi na kuendelea. Alipomaliza akafunga kitabu. Kisha Kaluki akasimama na kiti kikaanguka.

"Ulikula kwa hii nyumba! Huyo mzee alikufundisha, na akishakufa unamfanya muuaji? Toka!"

Kamanthe aliinua mkono kumzuia. "Wanza. Hii uliandika kabla afe ama baadaye?"

"Baadaye."

"Baadaye ngapi?"

"Wiki mbili hazijaisha."

Mama akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepata kitu alichokuwa anakitafuta. "Ulikuwa umemkasirikia."

Wanza, ambaye katika miaka kumi na mitatu sikuwahi kumwona akitoa chozi, alifunika uso na kitabu na kulia kwa sauti. "Alijua mwaka mzima, mwaitu! Nilikaa na yeye! Alinipea nusu ya chungwa na hakuniambia!"

"Alilala na mimi kitanda moja," Kamanthe akasema. "Aliniambia anaenda kufuata pension. Mimi namfungia chakula ya njia, kumbe anaenda kwa daktari. Siku daktari aliniambia, nilikuja hapa nikachukua kikombe yake ya chai nikapiga kwa ukuta. Niliambia watu ilianguka." Akamgeukia Kaluki. "Hata wewe nilikudanganya. Kwa hivyo keti chini. Hasira iko kwa hiyo kitabu, hata mimi niko nayo."

Kaluki akaokota kiti.

Halafu mama akaita kuelekea chumbani, kwa upole, "Mwanakwa, nimeskia. Basi tumwite jina ingine. Muthoka hakuwa mtu wa kulazimisha mtu, na mimi sitaanza leo." Alisema hivyo akiwa ameshika magoti yake kwa nguvu. Hakuna aliyekuwa mle ndani ambaye hakujua gharama ya maneno yale. Nilitamani kumkumbatia, nikaogopa kumvunja.

Kasyoka akatokea mlangoni, mtoto kifuani, macho mekundu. "Mama, sijawachukia. Ni vile mimi simjui. Nilikuja akiwa amezikwa. Picha ni ile moja kwa ukuta, na hacheki. Mzee mwenye najua ni yule wa Auntie Wanza tu." Akamsogeza mtoto kifuani. "Niambieni huyo mwingine. Kama yuko."

Walitazamana. Kisha, sijui nani alianza, nadhani ni Kaluki mwenyewe, hasira ikiwa bado kooni. Kwamba mzee alijifungia kwa bahati mbaya ndani ya stoo ya vitabu, na kwa kuona haya kuwaita wanafunzi akakaa humo mpaka jioni, akatoka akijisifu kwamba amemaliza kuhesabu. Kwamba aliimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, ile ya wanawake, kwa kuwa hakuna mwanamke aliyeifikia. Kwamba soksi zake hazikuwahi kufanana. Wanza akasimulia ufunguo. Hata mimi, niliyemwona mara mbili tu, nilikuwa na kidogo cha kusema, vile alivyonionyesha ukurasa wa kitabu ambacho nilikichapa mwenyewe na kuniuliza kama najua kusoma.

Kamanthe alikuwa wa mwisho. "Na hii ya kubisha. Hata nyumba yake mwenyewe alikuwa anabisha, miaka yote. Mnajua kwa nini?"

Hatukujua. Wanza pia hakujua.

"Wiki ya kwanza nimeolewa, sijazoea, giza imeingia. Niko jikoni. Akakuja pole pole nyuma yangu anataka kunifurahisha. Niligeuka na mwiko ya ugali moto nikampiga nayo hapa." Akashika sikio. "Alama alienda nayo. Tangu hiyo siku hajawahi ingia bila kubisha. Mara tatu. 'Ni mimi tu.' Ndio nisiogope."

Kasyoka alianza kucheka. Alicheka akijishika tumbo kwa sababu ya nyuzi alizoshonwa hospitalini, akasema "aiya, uwi, msinichekeshe," na machozi yakimtoka. Sisi nasi tukacheka, Kaluki kuliko wote. Wanza hakucheka. Alikuwa amekaa mdomo wazi, mwandishi mzima, akitambua kwamba maneno aliyowatishia watu wa laini sita yalikuwa yamebuniwa ili mwanamke mmoja asiogope.

Kasyoka alipotulia alivuka chumba. Kwa heshima ya kwetu mke wa mwana halitamki ovyo jina la baba mkwe, naye hakulitamka. Aliinama tu na kumweka mtoto mapajani mwa Kamanthe.

"Chukua mzee wako, Mama."

Na Kamanthe akalisema jina, mara moja, kwa sauti ya kawaida, halafu akalirudia kwa sababu alitaka kulirudia.

Tulipokuwa tukiaga alimshika Wanza mkono. "Utakuwa unakuja Jumapili kunisomea. Ile ya kwanza. Zile kurasa zake tu, hizo zingine ruka." Na Wanza huenda. Hajakosa Jumapili hata moja.

Wiki tatu baadaye, saa ya chakula, simu zetu zililia zote kwa pamoja. Ni kundi la wasomaji, lililokuwa limepoa. Kasyoka alikuwa ametuma picha. Mtoto amefungwa kwenye shuka ya njano, jicho moja wazi, ngumi moja juu kama anayetaka kubisha. Chini yake aliandika: "Muthoka Ndunda. Ni mimi tu."

 Watu walikuwa wameshika simu, wanaangalia. Nthenya aliweka simu yake chini. Kisha akainuka, akaenda hadi getini, na kupitia dirisha nikamwona anabishana na Erastus, na Erastus anatikisa kichwa, halafu anapekua mfuko wake wa chakula. Kumbe alikuwa amerudi kubeba machungwa, kwa siri.

Nthenya akarudi na chungwa. Aliketi kwenye robota kando ya Wanza, hakusalimia, akachukua mkasi wa kukatia nyuzi na kuanza kumenya. Alimenya ovyo, juisi inatiririka hadi kwenye viwiko. Akaligawa, akanyoosha nusu.

"Shika," akasema.

Ganda lilikuwa limekatika vipande vinne au vitano hapo chini, na Wanza aliviona vyote. Hakurudisha.